Kampuni ya tech Dodoma na uhifadhi: upande miti, utengeneze app, ununue kamera au utoe watu?

Wakuu, msimu wa bajeti ukifika kila kampuni ya teknolojia hapa mjini inaulizana swali lile lile, mazingira mwaka huu tunafanya nini, na majibu nayo ni yale yale: mmoja anasema tupande miti Juni tano, mwingine tutengeneze app, bosi kaona video ya droni inafukuza tembo anataka droni, na mhasibu pembeni anauliza hivi hatuwezi kuandika hundi kubwa ya kupigia picha tukamaliza. Nimeona niyaweke mawili mawili tuyapime, maana ukiyasikiliza moja moja kila moja linaonekana zuri tu. Kipimo changu nakitaja mapema msije mkasema nimewavizia: nani atakilipia hiki kitu mwaka wa tatu? Siku ya uzinduzi kila mtu yupo. Naongelea mwaka wa tatu, fulana zishachakaa, na yule kijana aliyeandika programu kashahamia Dar.

Naongea na kampuni ndogo na za kati, watu watano mpaka hamsini hivi, zinazojua software na mitandao na hela yao ni ya kubahatisha. Makampuni makubwa ya simu yana idara zao, wao wasome kujifurahisha.

Na kabla hatujaenda mbali, kuna mtu atasema Dodoma kuna bioanuwai gani, si vumbi na zabibu tu. Kaka, Kondoa na Chemba kuna mapori ya akiba ya Mkungunero na Swagaswaga, ukishuka Manyoni una Rungwa, Kizigo na Muhesi yanayoungana na Ruaha, na hapo hapo Manyoni kuna vichaka vya Itigi, uoto ambao ukiacha hapo kwetu unaupata kipande kingine huko kaskazini mwa Zambia basi. Wale kasuku wadogo wenye ukosi wa njano wanaopiga kelele kwenye mibuyu, asili yao ni Tanzania tu, na watu wanapita chini yao kila siku wakiangalia simu. Kazi ipo, hata usipoenda Serengeti.

Kupanda miti au kufufua visiki

Hii ndo ya kwanza kwa sababu ndo inayokula hela nyingi na kurudisha kidogo, kwa mtazamo wangu. Dodoma mvua ni milimita 500 mpaka 600 kwa mwaka, zinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na Aprili zinaondoka. Sasa angalia kalenda: Siku ya Mazingira Duniani ni 5 Juni, kiangazi kishaanza. Siku ya kupanda miti kitaifa ni 1 Aprili, kwa Mbeya hapo sawa, kwa Chamwino mche unapata wiki chache za unyevu alafu unaachwa na jua miezi saba. Ukipanda Juni maana yake umesaini mkataba wa kumwagilia mpaka Desemba, na mkataba huo kampuni haijauweka kwenye bajeti, imeweka miche, usafiri, fulana na maji ya chupa ya wageni rasmi.

Alafu angalia unapanda nini. Nenda maofisini hapa mjini uone, mwarobaini, ashoki na miti ya maua, na mwarobaini wenyewe asili yake ni huko Bara Hindi. Sisemi ni mti mbaya, kivuli chake tunakikalia wote, ila kama umeandika kwenye ripoti neno bioanuwai basi mkwaju, mgunga, mpingo na mbuyu ndo wenye ndege na wadudu wao hapa.

Upande wa pili kuna Kisiki Hai. Huu mradi unaendeshwa na LEAD Foundation pamoja na Justdiggit ya Uholanzi toka 2018 hapa mkoani, na mbinu yenyewe ilienezwa Niger miaka ya 1980 na Mwaustralia anaitwa Tony Rinaudo, huko walikorudisha miti kwenye karibu hekta milioni 5. Kazi yake ni hivi: shamba linaloonekana halina mti ukiinama unakuta visiki vinachipua, mkulima kila mwaka anavikata na jembe akilima. Badala ya kukata vyote anachagua machipukizi machache, mawili matatu mpaka matano, yaliyonyooka na yenye afya, mengine anayaondoa, matawi ya chini anayapogolea, anafunga kitambaa kwenye kisiki ili mchungaji na mwenye panga wajue huu una mwenyewe. Mizizi ishakuwepo chini miaka na miaka kwa hiyo haisubiri umwagilie, na mti unaotoka ni ule ule wa hapo hapo. Hakuna kununua mche, na wala hakuna cha kuzindua, labda ndo maana mabosi hawaipendi.

Na Dodoma tulishaliona hili zamani. Mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza 1973 kule Kondoa kwenye makorongo, 1979 wakaondoa mifugo yote kwenye eneo lililoharibika, na uoto ukarudi wenyewe bila mtu kupanda kilometa kwa kilometa. Wafugaji waliumia, hilo tusilifiche, kuambiwa toa ng'ombe wako si jambo dogo, na ndo maana mimi napenda njia ya kisiki ambayo mkulima anaamua mwenyewe shambani kwake.

Sasa kampuni ya tech inaingia wapi, maana hujui kushika panga. Inaingia kwenye ujumbe na kwenye kupima. Picha za satelaiti za Sentinel-2 ni bure, kila siku tano unapata picha mpya na kila nukta ni mita 10 kwa 10, Google Earth Engine inakupa pa kuzichakata. Ila usije ukapima Februari ukashangilia, Februari Dodoma nzima ni kijani mpaka magugu na uwele, pima Septemba na Oktoba miaka yote kwa mwezi ule ule, hapo majani yashakauka na kinachobaki na rangi ni miti. Hii kazi developa mmoja anaifanya kwa wiki chache na mwaka wa tatu inaendelea kufanya kazi bila gharama ya maana, huku ile miche ya Juni watu washaisahau. Kati ya haya mawili sioni hata ubishi.

App mpya au daraja dogo kwenye kilichopo

Hapa ndo kwenye mzizi wa fitina, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kampuni ya software ikiulizwa isaidie wanyama jibu la kwanza ni app. App ya kuripoti tembo, app ya kuripoti ujangili, yenye ramani na nembo ya tembo pembeni. Kuna moja niliwahi kuionyeshwa, ya nani siwataji, picha za uzinduzi zipo mtandaoni mpaka leo lakini ukibonyeza kiungo unapelekwa kwenye ukurasa wa kuuza domeni. Na waliitengeneza vizuri, tatizo halikuwa ufundi.

Linganisha na vilivyopo tayari. SMART ni programu ya doria inayotumiwa na hifadhi nyingi sana duniani, askari anarekodi alikopita na alichokiona. Toleo lake la simu limejengwa juu ya CyberTracker, ile iliyoanzia Afrika Kusini miaka ya 1990 na Louis Liebenberg kwa ajili ya wasasi wasiojua kusoma, unabonyeza picha ya mnyama badala ya neno. EarthRanger ilianzishwa na kampuni ya Paul Allen, yule mwanzilishi mwenza wa Microsoft, baadaye ikawekwa chini ya taasisi yake ya akili bandia ya Ai2 na inakusanya kwenye ramani moja doria, kola za wanyama, magari na ripoti. KoboToolbox inakusanya fomu hata pasipo na intaneti. Vyote hivyo mtu wa hifadhi anaweza kuvipata bila kununua leseni ya mamilioni. Wewe na madevelopa wako watatu mtaandika nini kwa miezi minne kiwe bora kuliko hivyo? Kuweni wakweli.

Ila hivyo vyote vina shimo moja, na shimo liko kwetu. Vimetengenezwa kwa ajili ya askari mwenye simujanja na mafunzo, wakati anayemuona tembo wa kwanza usiku ni mkulima mwenye kiswaswadu. Chukulia kijiji pembeni ya Swagaswaga, mwezi wa nne, mtama umekomaa, saa nane usiku. Mkulima anapiga kwa mwenyekiti wa kitongoji, mwenyekiti anampigia askari wa wanyamapori wa kijiji, huyo akiwa na salio anampigia afisa wanyamapori wa wilaya ambaye labda kalala au yuko kijiji kingine na gari moja. Akiandika meseji ataandika hivi: "tembo wengi wako kwa mzee yohana bondeni mtama unaisha njooni". Basi. Hamna latitudo wala longitudo, hamna idadi, hamna jina la kata.

Developa akiona hiyo meseji anataka kumfundisha mkulima ajaze fomu ya vipengele saba. Wakati kinachohitajika ni jedwali la vitongoji na mabonde yanayojulikana kwa majina ya wenyeji, kila moja na alama yake ya GPS, ili meseji ikiingia mtu wa zamu aone kwenye ramani bondeni kwa mzee Yohana ni wapi na askari gani yuko karibu. Hilo jedwali halipo Google, liko kwenye vichwa vya wenyeviti wa vitongoji. Kulikusanya ni kazi ya pikipiki na daftari na Kobo, alafu unaandika kijiprogramu kidogo kinachopokea meseji au USSD (zile menyu za nyota na reli kama za kutuma hela) kwenye namba ya bure kinaisukuma EarthRanger au hata kwenye jedwali la kawaida halmashauri. Hiyo ndo naiita daraja. Mistari ya programu haizidi ya mradi wa mwanafunzi wa mwaka wa tatu UDOM, na ikiharibika kijana mwingine anaweza kuisoma akaitengeneza.

Na USSD mjue kikao kinakatika haraka, na meseji moja ya kawaida ni herufi 160, kwa hiyo menyu ya ngazi tano mtu hafiki mwisho. Ngazi mbili zinatosha, mnyama gani na kitongoji gani.

Kuna kitu kingine watu wa tech hawakijui kabisa na kinauma sana vijijini, kifuta jasho. Tembo wakila shamba serikali inalipa kifuta jasho, akiua mtu ndugu wanapewa kifuta machozi. Kanuni za 2011 zilipanga malipo ya mazao kwa ekari na kwa umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, mwisho ekari tano. Ona sasa, ekari na umbali, hivyo ni vitu simu yoyote yenye GPS inavipima kwa kuzunguka shamba dakika kumi. Lakini kwenye uhalisia afisa kilimo anakuja siku zimepita, anakadiria kwa macho, fomu inaandikwa kwa mkono, inapanda kwa mtendaji wa kijiji, inaenda wilayani, inaenda wizarani, na mkulima hajui imefika wapi. Mkulima ambaye hajui fomu yake iko wapi mwaka unaofuata hatapiga simu, ataweka sumu kwenye maboga. Hapo ndo uhifadhi unapofia, tena bila jangili yeyote kutoka nje. Kampuni inayoweza kumtumia mkulima meseji tatu tu, fomu yako imepokelewa wilayani, imepelekwa wizarani, imerudi, itakuwa imefanya mengi kwa tembo wa Chemba kuliko app kumi. Viwango vya sasa uliza halmashauri, na usimuahidi mkulima hela ambayo si yako kutoa.

Kwa hiyo app mpya nampa nani? Nampa kampuni ambayo hifadhi yenyewe imekuja na barua ikasema tunataka hiki, na mkataba una mstari wa matengenezo kwa miaka mitatu. Nje ya hapo jenga daraja.

Kununua vifaa au kuchakata vilivyokwama

Droni kwanza, tumalize. Ni kweli inafukuza tembo, ilijaribiwa kwenye mashamba yaliyopakana na hifadhi za Serengeti na Tarangire, mlio wake kama nyuki na tembo nyuki hawapendi, utafiti wake ulitoka 2017. Lakini betri moja ya droni ya kawaida inakupa kama nusu saa au chini, usiku lazima uwe na anayejua kurusha, kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, lazima, na ukirusha karibu na hifadhi lazima mwenye hifadhi ajue kabla. Kijiji kitaichaji na nini? Pembeni ya droni kuna uzio wa pilipili, kamba na vitambaa vilivyochovywa kwenye oili chafu na unga wa pilipili, na uzio wa mizinga ule wa Lucy King ulioanzia Kenya, ambao unakupa na asali juu. Kwa watu wa Manyoni ambao ufugaji nyuki ni kazi yao ya miaka yote ningeanzia kwenye mizinga bila kufikiria mara mbili. Najua bosi hataki kusikia, mizinga haiwi video nzuri.

Kamera za mtego sasa. Hizi ni nzuri kweli, unaifunga kwenye mti, mnyama akipita inapiga. Shida yake ni kwamba majani yakitikisika nayo inapiga. Ule mradi wa Snapshot Serengeti uliokuwa na kamera 225 ulikusanya picha milioni 3.2 kati ya 2010 na 2013, na karibu robo tatu ya picha hazikuwa na mnyama yeyote. Wao walisaidiwa na watu wa kujitolea mtandaoni dunia nzima kuzichambua moja moja. Hapa kwetu mtafiti mwenye kamera thelathini na hard disk mbili hana jeshi hilo, picha zinakaa kabatini mwaka mzima.

Kwa hiyo linganisha: milioni kumi ukanunue kamera nyingine za kuongeza picha kabatini, au kompyuta yako yenye kadi ya grafiki, ile vijana wanachezea gemu baada ya saa kumi na moja, uiache usiku inachakata. Kuna MegaDetector, ilitoka kwa watu wa Microsoft kwenye mpango wao wa AI for Earth, ni ya bure, kazi yake kusema tu hapa kuna mnyama, hapa kuna mtu, hapa kuna gari, hapa hamna kitu. Haikwambii ni nyati au pofu, hiyo kazi ya mtaalamu, ila inakutolea zile robo tatu. Mtafiti anakuletea diski Ijumaa, Jumatatu anarudishiwa na orodha. Gharama yako ni LUKU. Kusema kweli katika yote niliyoandika hili ndo rahisi kuliko yote na sijui kwanini kampuni hazilifanyi, labda kwa sababu halina utepe wa kukata.

Kamera zenye akili ndani, zinazotuma picha moja kwa moja, ni habari nyingine. TrailGuard ya shirika la RESOLVE, yenye chipu ya Intel, ilijaribiwa Grumeti pembeni ya Serengeti na ilisaidia kukamata majangili, inajificha kwenye njia na betri yake wanasema inafika mwaka mmoja na nusu kwa sababu inatuma pale tu ikiona mtu. Hii inafaa mwenye pori lenye mtandao na kikosi kinachoweza kufika eneo ndani ya saa moja. Sehemu kubwa ya Kizigo hakuna hata baa moja ya mtandao, na picha ya jangili ikikufikia kesho yake ni kumbukumbu tu. Kama kampuni yako inajua redio na minara midogo ya LoRa, ile inayorusha data kidogo kwa masafa marefu bila mtandao wa simu, hapo una cha kusaidia, hamna mtu anapenda kupanda mlingoti lakini ndo kazi yenyewe. Kola za GPS za tembo waachie wenyewe, moja ni maelfu ya dola ukijumlisha na daktari wa mifugo, sindano na pengine helikopta.

Hela au watu

Kuna wakati hundi ni bora, tusijifanye. Sensa ya tembo Afrika nzima iliyolipiwa na hela za huyo huyo Paul Allen ndo ilitupa namba ya tembo wa Tanzania, 43,330 mwaka 2014 kutoka 109,051 mwaka 2009, na namba ile iliwashtua watu mpaka serikali ikachachamaa na ujangili. Hiyo hakuna developa angeweza kuifanya, ndege zinataka mafuta. Na hapa kwetu Ruaha-Rungwa ilihesabiwa 2014 wakapata 8,272, watu wakabisha, ikarudiwa 2015 ikatoka 15,836. Kuhesabu ni ghali na kurudia kuhesabu ni ghali zaidi, lakini bila kurudia mngekuwa mnabishana mpaka leo.

Kununua hewa ukaa (kaboni), yaani kuwalipa wengine walinde msitu ili kufidia uchafuzi wako, nayo ni hundi ya aina yake. Mfano wa karibu ni bonde la Yaeda, Mbulu, Carbon Tanzania na Wahadzabe, msitu wao unabaki na wanalipwa kwa kuulinda. Tanzania ina kanuni za biashara ya kaboni toka 2022 na kituo cha ufuatiliaji kiko SUA Morogoro, kwa hiyo kabla hujanunua kwa mtu aliyekuja na brosha, uliza mradi wake kituo kinautambua. Sasa kampuni ya watu kumi na mbili kununua kaboni ili iandike kwenye tovuti kwamba haichafui, mi naona ni kujipamba, hiyo hela ndogo ikienda kulipia bando na mafuta ya pikipiki za askari wa kijiji inaonekana siku hiyo hiyo.

Watu je? Watu ni bora kama unawatoa kweli. Developa mmoja siku moja kila wiki mwaka mzima anaacha alama. Hakathoni ya Jumamosi na Jumapili yenye washindi watatu na vocha sijaona iache kitu. Ila mtu akienda mwambie asiende na suluhisho mfukoni, akakae wiki ya kwanza pale ofisi ya wanyamapori ya wilaya aone faili zinavyotembea.

Kuweka data wazi au kuificha

Hili fupi ila hatari. Watu wa tech tuna ugonjwa wa kupenda kila kitu kiwe wazi. Kwa ndege na miti nakubali kabisa, ukiweka picha iNaturalist, app ya kurekodi viumbe, zinaingia GBIF, hazina ya dunia ya data za viumbe, na Tanzania ina tawi lake, TanBIF, liko COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, mtafiti yeyote anazitumia. Vijana wa ofisi wakitoka Jumamosi kwenda Bahi au bwawa la Hombolo wakapiga picha za ndege wakaziweka na tarehe na mahali, huo ni mchango halali na hauna gharama. Lakini kakakuona, faru, mpingo mkubwa uliosimama peke yake, usiweke alama kamili. iNaturalist yenyewe kwa viumbe walio hatarini inasogeza alama, inakuonyesha kisanduku cha digrii 0.2, kilometa ishirini na kitu hivi, ila mfumo wako uliojitengenezea hausogezi chochote mpaka uuambie. Na picha ya simu ina GPS ndani yake, ukiipost kwenye grupu la WhatsApp kama faili imeenda nayo.

Na data za watu pia. Mkulima aliyetoa taarifa ya jangili jirani yake, namba yake ikivuja umemuuza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu, na tume yake iko hapa hapa Dodoma, huna hata sababu ya kusema ulikuwa mbali.

Nyumbani kwako je? Haraka haraka: betri za UPS zilizokufa zenye madini ya risasi na asidi zisiende dampo wala kwa fundi wa kuyeyusha nyuma ya nyumba, simu na laptopu zinazotumika bado zipeleke kwa askari wa kijiji au chuoni zikiwa zimefutwa, badala ya jenereta weka sola kama paa ni lako. Fanya tu, usiandike ripoti.

Basi uchague vipi. Kama mko chini ya watu kumi na hela hamna, chukueni kazi ya kuchakata picha usiku na ile ya kupima visiki kwa satelaiti, zote ni muda na umeme. Kama mko ishirini thelathini na mna mtu anayejua USSD na mwenye subira ya vikao vya halmashauri, chukueni daraja la meseji na ufuatiliaji wa kifuta jasho, mkianzia kata moja tu, siyo wilaya nzima, na wekeni hela ya laini na seva ya miaka mitatu benki kabla hamjaandika mstari wa kwanza. Mkiwa na hela ila hamna muda, lipieni mizinga Manyoni, vitambaa na mafunzo ya Kisiki Hai, bando na mafuta. Droni na app yenye nembo muachieni anayetaka utepe.

Na kama bado hujui uanzie wapi, Jumatatu asubuhi nenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya, usimwambie wewe ni kampuni ya nini, muombe tu akuonyeshe fomu za mashamba yaliyoliwa msimu uliopita ziko kwenye meza ya nani sasa hivi.